Choo Kinachomsubiri Mgeni Rasmi

Sheria za shule yetu ni ishirini na sita. Zimebandikwa mlangoni mwa kila darasa, zimegongwa mhuri, na mimi nazijua zote bila kutazama karatasi. Nywele zisizidi sentimita moja. Sweta iwe ya rangi ya damu ya mzee, na asiyekuwa nayo atetemeke kimya kimya, maana sweta ya rangi nyingine ni kosa hata kama upepo wa Ufipa unakukata masikio. Mwanafunzi akitaka kwenda chooni atasimama, atafumbata mikono na kuomba ruhusa kwa mkubwa aliyepo. Hiyo ni ya tisa. Ya kumi inasema wasichana waende wawili wawili. Hakuna sheria hata moja inayosema choo chenyewe kiweje.

Nilikuwa kiranja wa usafi, kidato cha pili. Siku nilipochaguliwa, baba alinipigia simu kutoka Milepa, akanipongeza kama vile nimepata udiwani. Na mimi nikavimba kichwa, sitaki kudanganya.

Choo cha wasichana kina matundu manne, na sisi tuko mia mbili na kumi. Tundu la kwanza mbao zimeoza, hakuna anayethubutu. La pili halina mlango, wametundika kiroba cha mbolea. Mwaka huu mvua ziliwahi, zikaanza katikati ya Oktoba, shimo likajaa na kuanza kurudisha lilichokula. Unaingia kwa kukanyaga matofali, na matofali yenyewe yanazama. Funza wanapanda ukutani kama wana safari zao. Harufu inakuganda kwenye sweta, unakaa nayo kipindi kizima cha hesabu, unarudi nayo nyumbani Chanji, na mama mdogo anakwambia uivue nje kabla hujamsalimia.

Hatua thelathini kutoka hapo kuna choo kipya. Matundu manane, vigae vyeupe, tenki la maji, na chumba cha kubadilishia chenye ndoo ya mfuniko, sabuni na kioo. Wazazi walibeba mawe na mchanga wenyewe. Kilikamilika mwezi wa nane, na mwezi huohuo kikapigwa kufuli, mlangoni ukapitishwa utepe mwekundu. Hakijazinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa aje Septemba, akapata safari. Akasema Oktoba, akapata kikao. Basi utepe ukabaki pale unapauka kwa jua na kulowa kwa mvua, na sisi tukabaki na funza wetu.

Kila Ijumaa makamu mkuu wa shule, Mwalimu Polikarp, alinipa ufunguo nikapige deki. Nilikuwa napitia chini ya utepe, navua viatu nje, nasugua vigae ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvichafua. Nafuta kioo. Kisha nafunga, nampelekea ufunguo, nakimbilia kwenye matofali yanayozama kujisaidia. Haikuwahi kunijia kwamba kuna kichaa kidogo katika jambo hilo. Nilijiona mtiifu.

Hamisa ndiye aliyekuwa akikaa dawati la mbele yangu. Baba yake, mzee Azizi, ana duka la vipuri vya pikipiki mjini. Hesabu anazijua kuliko sisi wote, na husema anachofikiri. Ijumaa moja ya Oktoba alinifuata nikiwa na ndoo ya deki mkononi.

"Berti, mambo?"

"Poa. Unatoka darasani bila ruhusa?"

"Nimeruhusiwa. Niko kwenye siku zangu. Kule hakuingiliki, maji yamefika juu ya matofali. Nifungulie dakika mbili tu nibadilishe, pedi ninayo."

"Hakijazinduliwa."

"Najua hakijazinduliwa. Na mimi nimezinduliwa, nifanyeje?"

Sikucheka. Nilimwambia sheria ni sheria, nikajisikia ninavyosema kwa sauti ya Mwalimu Polikarp kabisa. Hamisa alinitazama mimi, akautazama ufunguo, akaondoka kupitia uwazi wa michongoma na kwenda kwao kubadilisha. Hakurudi siku hiyo.

Kazi yangu ilikuwa pia kuandika daftari la makosa. Nikaandika: Hamisa Azizi, utoro, mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba, nayo niliiandika mimi, bila hata kumuuliza alikwenda wapi. Makamu alitaka jina la mtoro lipigiwe mstari mwekundu kwa rula. Nikapiga, umenyooka vizuri.

Sheria ya ishirini na mbili: utoro mara tatu, kusimamishwa siku thelathini, hakuna mjadala. Na Novemba ndiyo mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Asiyeufanya haendi cha tatu. Hamisa alikuwa amebakiza kosa moja tu.

Hatimaye mgeni rasmi akathibitisha Alhamisi, siku nne kabla ya mtihani. Tulipangwa mstari tangu saa moja asubuhi. Mwalimu Polikarp, aliyevaa suti ya harusi yake inayombana makwapa, akatufundisha kuitikia. Mgeni akiuliza mnafurahi, mseme ndiyo, kwa pamoja, mkitabasamu. Choo cha zamani kilizungushiwa turubai la bluu ili mgeni asikione, na ikatangazwa kwamba hakuna kwenda huko mpaka aondoke. Choo kipya kilikuwa na kufuli, choo cha walimu si chetu. Wasichana mia mbili na kumi, tangu saa moja, hatukuwa na pa kwenda. Tuliambiwa mgeni anafika saa tatu. Alifika saa saba na nusu.

Mimi nilisimama mbele na sinia lililofunikwa kitambaa, juu yake mkasi na ufunguo. Hamisa alikuwa nyuma yangu. Katikati ya hotuba ya pili nikasikia ananinong'oneza mgongoni.

"Berti. Nimeingia kwenye siku zangu tangu saa tano. Imeshapita kwenye sketi."

Sikugeuka.

"Nikienda nyumbani wataita majina mimi sipo," akasema. "Itakuwa ya tatu. Nikikaa, wataona wote. Na yule mtu mwenye kamera."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma swali la hesabu lisilo na jibu.

Mgeni rasmi alikata utepe. Makofi. Mwalimu Polikarp akachukua ufunguo kwenye sinia langu, akafungua. Mgeni akachungulia, akavuta pumzi yenye harufu ya sabuni yangu, akasema, "Safi sana! Hongereni mno." Akapigwa picha akiwa ameshika mlango, akapigwa nyingine akinyoosha kidole kwenye bomba. Kisha Mwalimu Polikarp akauvuta mlango, akabana kufuli, akaeleza kwamba kitatumika baada ya kamati kukabidhiwa kwa maandishi.

"Haya, wanangu," mgeni akasema kwenye kipaza sauti, "mnafurahi?"

"Ndiyooo!"

Wasichana mia mbili na kumi waliobana mapaja tangu asubuhi walisema ndiyo wakitabasamu, na mimi nikiwemo. Nilijisikia nikisema. Nimekanyaga uchafu wa kila aina katika shule ile, lakini hakuna ulionitia kinyaa kama neno lile lilivyotoka kinywani mwangu.

Nikaliweka sinia chini. Nikasimama wima, nikafumbata mikono.

"Shikamoo, mgeni rasmi."

Akashtuka kidogo. "Marahaba, binti."

"Naomba ruhusa kwenda chooni. Sheria ya tisa inasema tuombe kwa mkubwa aliyepo, na leo mkubwa ni wewe. Ya kumi inasema twende wawili wawili. Nitakwenda na Hamisa."

Mwalimu Polikarp alicheka kicheko kikavu. "Bertilla, rudi kwenye mstari. Mheshimiwa, watoto hawa..."

Lakini kamera ilikuwa inanitazama mimi, na mgeni aliona inakotazama.

"Si choo chao hiki?" akauliza. "Mwalimu, wafungulie."

Nilivua sweta yangu nikampa Hamisa, akaifunga kiunoni. Tukatembea, naye alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Tulipofika mlangoni nikasikia sauti nyuma yetu, "Shikamoo, mgeni rasmi, naomba ruhusa." Kisha nyingine. Walikuwa wanatoka kwenye mstari wawili wawili, mikono imefumbatwa, hakuna anayesukumana, hakuna anayecheka. Utaratibu tuliufuata kama tulivyofundishwa. Mgeni aliruhusu jozi baada ya jozi huku pilau lake likipoa ofisini.

Na Mwalimu Polikarp? Alipoona mgeni anatabasamu, alianza kupiga makofi. Akakamata kipaza sauti, akasema shule hii inamjali mtoto wa kike. Alisema hivyo akiwa amesimama kati yetu na lile turubai la bluu, inzi wakimtua kwenye suti.

Kesho yake aliniita ofisini. Nikamwamkia, hakuitikia. Akasukuma daftari la makosa mezani.

"Ukiranja umeisha. Andika jina lako."

"Niandike kosa gani, mwalimu?"

Akaichukua karatasi ya sheria. Akapitisha kidole kuanzia ya kwanza, polepole, midomo ikimcheza, mpaka ya ishirini na sita. Akarudia. Sheria nilizifuata zote.

"Wewe andika jina tu," akasema. "Kosa acha wazi."

Nikaandika. Juu ya jina langu kulikuwa na jina la Hamisa, mara mbili, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu wanausifia, na ile mistari myekundu iliyonyooka. Kalamu nyeusi ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kuyakata yale majina. Sikuyakata. Niliogopa, nikatoka.

Jumatatu tulipanga foleni mbele ya chumba cha mtihani. Hamisa alikuwapo, sweta yangu ameifua na kuikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akapekua kimfuko chake cha kalamu, akageuka.

"Berti, rula nimeisahau nyumbani. Una ya ziada?"

Nilikuwa na mbili. Moja ilikuwa na wino mwekundu ukingoni, ile niliyopigia mistari chini ya jina lake, nayo ndiyo iliyokuwa juu. Alinyoosha mkono akaichukua mwenyewe, akasema ahsante, wewe ndiye rafiki yangu.