Delmer Mlangoni

Delmer Sizemore akikuletea kahawa, kunywa kahawa, lakini wimbo ficha. Nimelisema hilo miaka ishirini na sita, na Nashville nzima inajua kwamba mimi, Wynelle Tackett, sina dogo.

Mji wetu huu wa watunzi wa nyimbo una desturi yake: aliyekuwa chumbani wimbo ukitungwa ni mtunzi, sawa kwa sawa na wenzake, hata kama alikuwa anasinzia. Hakuna cha nani kaleta neno lipi. Mwaka tisini na nane, mimi na mtunzi mwenzangu, marehemu Opal, tulikuwa tumeshamaliza kiitikio, Delmer akaingia na vikombe vitatu, akaketi, akagunaguna, akasema, "Hapo wekeni mvua badala ya machozi." Basi! Neno moja, jina lake likaingia. Akauimba mwenyewe, akawa nyota, na alipochoka kuzunguka akapewa kampuni ya kurekodi. Leo ndiye anayeamua nani aimbe na nani akauze viatu. Na mimi naye tulikuja mjini pamoja, gari moja bovu kutoka Kentucky, tukiimba sauti mbili njia nzima. Yeye alipaa, mimi nikabaki kutunga. Nyimbo zangu zimepita mia tatu, na hakuna hata mmoja wenye jina langu peke yake.

Nilitaka mmoja tu. Mmoja wa kwangu kabla sijafa.

Mwezi wa tano nikaupata. Wimbo wa mtu anayerudi kwao baada ya mama yake kuzikwa. Nikajifungia katika kachumba kangu ka juu, beti zikaja, kiitikio kikakaa. Mstari wa mwisho ndio uliogoma. Siku tatu nzima nilikuwa naufukuza, nao unanikimbia.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, ngo ngo ngo. "Nelle? We Nelle, upo?"

Ofisi yake iko ng'ambo ya barabara, na miaka minne alikuwa hajakanyaga ngazi zetu. Leo kulikoni? Nani kamnong'oneza? Nikafungua kidogo, nikasimika buti kwenye uwazi. Alikuwa amejifunga skafu shingoni, na joto lote lile! Mkononi vikombe viwili vya kahawa. Nikasema moyoni, huyu kaja amejipanga.

"Hunikaribishi nikae?" Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Kaa kwako. Sema hapo hapo, masikio yangu mazima."

"Ala, Nelle! Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kumbe ile mvua ya tisini na nane bado haijakauka?"

"Itakaukaje, na inapigwa redioni kila siku ya Mungu?"

Akaweka vikombe sakafuni, akaegemea ukuta wa korido. Akaanza maneno ya huku na huku, nami namsikiliza kwa sikio la polisi, nangoja aniulize natunga nini. Hakuuliza. Alisema Jumapili alikwenda kwao Kentucky, mara ya kwanza tangu amzike mama yake. Akairekebisha skafu.

"Mlango ulikuwa wazi, Nelle. Nikabisha hodi hata hivyo."

Mstari wangu ule! Mkono wangu uliokuwa nyuma ya mlango ulikuwa na kalamu. Nikayaandika maneno yale kwenye paja la suruali huku uso mkavu, wala sikupepesa.

"Sasa ulikuwa unataka nini, Delmer?"

Akalitazama buti langu. "Basi. Siku nyingine, ukipata nafasi."

Nilimchungulia dirishani mpaka akavuka barabara, nione kama atatoa simu ajirekodi. Hakutoa, na bado sikumwamini. Nikashika gitaa, nikaurekodi wimbo wote kwenye simu yangu, nikataja tarehe na saa kwa sauti, iwe ushahidi. Nikajiambia, alikuwa koridoni, hakuwa chumbani. Desturi ni desturi.

Corrine Ashlock, binti mwimbaji anayerekodi kwenye kampuni ya Delmer, aliusikia akautaka siku hiyo hiyo. Pale kampuni wakasema bosi yuko mapumzikoni. Mapumziko gani? Nikajua anapika jambo. Wiki tano baadaye tukaitwa ofisini kwa Delmer kuusikiliza wimbo ukiwa umesharekodiwa, nikaenda na ushahidi wangu mfukoni, nimeshajiandaa kwa vita.

Delmer alikuwa mezani, bandeji shingoni, mbele yake daftari na kalamu. Akanipungia mkono.

"Hukujua, mama?" Corrine akaninong'oneza. "Saratani. Wamempasua koo. Hatasema tena."

Wimbo ukapigwa. Ulipofika mwisho, mlango wazi na hodi, Delmer akafumba macho. Alipoyafumbua alinitazama mimi, siyo kwa hasira, na hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Mwizi niliyemwinda miaka yote kumbe alikuwa amevaa buti langu.

"Mstari huo ni wake," nikamwambia Corrine kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Andikeni majina mawili."

Delmer akatikisa kichwa. Akaandika: *Sikuwa chumbani.*

"Si nilikuzuia mimi, mjinga wewe!"

Mabega yakamtikisika, kicheko bila sauti. Akaivuta fomu ya kuusajili wimbo, mahali pa mtunzi akaandika jina langu, moja, akatia sahihi yake ya ubosi.

"Siku ile ulikuja kutaka nini?" nikamuuliza.

Aliandika polepole, kisha akaligeuza daftari upande wangu.

*Upasuaji ulikuwa kesho yake. Nilitaka tuimbe kidogo, sauti mbili.*

Nikamshika ule mkono wenye kalamu, nikalia mbele ya watu wote.