Kuku Hawakuja Kwenye Beseni

Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima, na Falesi Kanyenda alikuwa amekwisha kuchuchumaa nyuma ya nyumba yake, akiosha sahani ambazo hazikuwa na uchafu. Zilikuwa tatu, za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu, kila moja ina doa la rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako ili isipotee misibani. Alichota majivu kwa ncha za vidole, akasugua kwa dodoki, akasuuza, kisha akaigonga sahani kwenye ukingo wa beseni kabla ya kuiweka pembeni. Hapo pa kugonga ndipo alipotia bidii zaidi.

Kijijini Kamtsitsi mlio wa vyombo asubuhi ni salamu. Anayeosha vyombo alfajiri alikula jana usiku. Asiyeosha ataulizwa na majirani kama anaumwa, na wakiuliza hivyo huwa wanajua kwamba haumwi. Marehemu Mzee Lakisoni, aliyekuwa kipofu, alikuwa akipita kijiji kizima bila fimbo kwa kusikiliza sufuria tu, na akifika mwisho wa njia alikuambia nani jana kala kuku, nani kala majani, na nani kala kwa shemeji yake. Hakukosea hata mara moja, isipokuwa ile siku aliyosema chifu kala majani. Mwanamke wa Kamtsitsi anaweza kuachwa, anaweza kuchekwa, lakini vyombo vyake asubuhi sharti vilie.

“Mama,” alisema Tiyamike, binti yake wa miaka saba, akiwa amekaa kizingitini na shuka mabegani. “Jana hatukutumia sahani.”

“Najua.”

“Tulikula majani kwenye sufuria.”

“Nimesema najua. Njoo uzipange kichanjani. Na uziweke kwa kelele, si kama unalaza mtoto.”

Kichanja hicho kilikuwa kizuri kuliko vyote kijijini. Miguu minne ya mkaratusi, juu yake matete yaliyofungwa kwa kamba za magome, marefu kwa usawa kama yamepimwa. Mchwa walikuwa wakila miguu kila masika, naye kila masika alikata mipya. Mumewe alipoondoka kwenda Johannesburg aliacha kimoja cha kubahatisha. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hajaleta hata salamu, na Falesi alikuwa amejifunza kufunga fundo kuliko yeye.

Kuku wanne wa Enelesi, jirani wa upande wa kisima, walitoka kwa mwenyewe mbio mbio, wakapita. Jogoo alisimama, akainamisha kichwa, akalitazama beseni la Falesi kwa jicho moja. Kisha akawaongoza wenzake kwenda zao. Ilikuwa siku ya nne hawasimami.

“Mama Tiya,” Enelesi aliita kutoka kwenye beseni lake mwenyewe, “unasugua mpaka bati linalia. Jana mlichinja ng'ombe?”

“Nsima na dagaa tu, mwenzangu.”

“Dagaa gani hao hawana harufu?”

“Wa ziwani. Wenu ni wa mtoni.”

Enelesi akacheka, Falesi naye akacheka, na wote wawili wakagonga sahani.

Ulikuwa mwezi wa pili. Mahindi shambani yalikuwa yamefika kiunoni, ya kijani, mazuri ya kutazama, na hakuna anayekula kutazama. Ghala la Falesi lilikuwa tupu tangu sikukuu ya mwaka mpya. Pumba alizokuwa akipikia uji ziliisha Jumamosi. Sasa lilibaki shina la boga lililotambaa juu ya paa la choo, na kila jioni alilipunguzia majani. Leo lori la mahindi la msaada lingefika kutoka Lilongwe. Majina kumi na moja yangesomwa, gunia moja kwa jina, na jina lake, kwa alivyosikia, halikuwamo.

Alijifunga kitenge chake cha kanisani akaenda kwa chifu.

Chifu Kamtsitsi alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, ananyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki. Falesi alipiga magoti, akapiga makofi mawili ya heshima, akangoja mpaka shavu la kushoto limalizike.

“Sema, mama.”

“Ni habari ya orodha, Chifu. Nimesikia simo.”

“Umesikia vizuri. Humo.”

“Sina kitu ndani.”

Chifu aliufuta wembe kwenye goti. “Kamati ilipita nyumba kwa nyumba, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Tulipita alfajiri ili tusisumbue watu. Kwako tulipita siku mbili, na siku zote mbili unaosha vyombo. Mimi si mchawi, Mama Tiyamike. Naandika ninachosikia.”

“Vilikuwa visafi.”

“Nini visafi?”

“Vyombo nilivyokuwa naosha.”

Chifu akaweka wembe chini. Alicheka taratibu, bila ubaya, kama mtu aliyesimuliwa jambo na mtoto. “Mwanamke anaamka alfajiri kuosha vyombo visafi. Na mimi nikamwambie nani hilo huko wilayani? Watasema kijiji changu kina wazimu.”

Hapo akaingia bwana afya, Bwana Mbewe, akisukuma baiskeli, jasho limemlowanisha shati. Yeye ndiye aliyekuwa akipita na daftari kuhakikisha kila nyumba ina choo chenye kifuniko, shimo la taka na kichanja cha vyombo. Asiye na kichanja alitozwa kuku. Watu walisema ameoa mke wa pili kwa ajili ya kusaidiwa kula kuku hao, lakini watu husema mengi.

“Ah, ndiye huyu,” alisema alipomwona Falesi. “Nilikuwa nakwenda kwake. Chifu, mgeni wetu wa leo akishatupa kibao cha kijiji safi atataka kuona mama mmoja anaosha vyombo kwa utaratibu. Huyu ndiye mwenye kichanja kinachofanana na picha ya kitabuni.”

Chifu alimgeukia Falesi. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya biashara:

“Mgeni ana mhuri wa orodha. Akifurahi, jina moja haliwezi kumshinda, na mimi nitasema neno. Wewe osha vizuri. Ila habari za ghala tupu usizilete mbele yake. Leo tunapewa kibao. Kijiji safi hakina njaa. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, Chifu.”

Aliporudi nyumbani alimwambia Tiyamike, “Leo usiku huenda tukala nsima.” Akajuta kulisema, kwa sababu mtoto alikwenda moja kwa moja kuutoa mwiko wa kusongea ugali huo, uliokuwa umetundikwa ukutani.

Adhuhuri kijiji kizima kilikuwa uwanjani kwa chifu. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya ghala, turubai limefungwa, na vijana wawili wamelalia magunia juu yake. Kutoka jikoni kwa chifu ilikuja harufu ya kuku anayechemka na bizari, na watu waliokuwa upande wa upepo hawakutaka kuhama.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, Bi Nyirongo, mpole, amevaa buti za mpira mpya kabisa. Alitoa hotuba fupi kuhusu nzi. Kibao kikainuliwa, makofi yakapigwa. Kisha Bwana Mbewe akasimama mbele ya mabeseni matatu yaliyopangwa juu ya benchi, akiwa na kijiti mkononi kama mwalimu.

“Beseni la kwanza ni la kutoa makombo. La pili ni la sabuni. La tatu ni la kusuuza. Kisha kichanjani, juani, mdomo chini. Mama, endelea.”

Falesi alitoa sahani zake tatu kwenye kitambaa. Aliitumbukiza ya kwanza katika beseni la kwanza, akaizungusha, akaitoa. Maji yalibaki kama yalivyotoka kisimani, mtu angeweza kuona ua lililochorwa kitakoni mwa beseni la plastiki.

Bi Nyirongo aliinama kutazama. “Mama, hizi mbona ni kama zimeshaoshwa? Tuonyeshe chafu, watu wajifunze.”

“Si ulete ulizolia chakula jana,” Bwana Mbewe alimnong'oneza, huku akiwatabasamia watu.

“Ndizo hizi.”

Watu walicheka. Msafi gani huyu, mtu mmoja akasema, anaosha kabla ya kula. Falesi alimtazama chifu. Chifu alitikisa kichwa kidogo sana, kushoto na kulia, kama anayefukuza nzi aliyetua sikioni. Falesi akafikiria gunia. Akafikiria mwiko ulioegemezwa karibu na mafiga. Akaitumbukiza sahani ya pili, na ya tatu, akazipitisha kwenye sabuni, akazisuuza. Mikono yake ilijua kazi, haikumhitaji.

Kisha, kwa mazoea, akalichukua lile beseni la kwanza akayamwaga maji pembeni.

Kuku wa chifu walikuwa wengi na walikuwa wamelelewa vizuri. Waliposikia maji yanamwagika walikuja mbio kutoka pande zote, mbawa wazi, wakikanyagana. Walifika kwenye unyevu. Walidonoa mara moja, mara mbili. Wakainua vichwa, wakatazamana, na mmoja mmoja wakaondoka.

Kila mwanamke uwanjani alijua kusoma kuku.

“Jana mlipika nini, mama?” Bi Nyirongo aliuliza. Aliuliza kwa upole, na huenda ingekuwa rahisi zaidi angeuliza kwa ukali.

Falesi alikausha mikono kwenye kitenge. Aliikausha muda mrefu.

“Sahani huchafuliwa kwanza, mheshimiwa,” alisema, “ndipo huoshwa. Leo ni siku ya nne sijapata cha kuchafulia. Kama mnataka nioshe, nipeni kwanza cha kuchafulia.”

Kutoka jikoni kwa chifu mtu aliangusha kifuniko cha sufuria, na kila mtu alikisikia kikizunguka mpaka kikatulia.

“Jina lake limo?” mgeni aliuliza.

Bwana Mbewe akafunua karatasi, ingawa alikuwa anaijua. “Halimo.”

“Huyu ana mume Johannesburg,” alisema chifu haraka. “Na kamati ilimkuta anaosha vyombo. Siku mbili.”

Bi Nyirongo aliichukua karatasi, akaisoma juu mpaka chini, akaugusa mhuri kwa kidole kama anayepima kama umekauka. “Ulishapigwa wilayani,” alisema. “Sina uwezo wa kuongeza hapa. Mama, andika barua, nitaipokea mimi mwenyewe. Orodha nyingine itafunguliwa mwezi wa nne.”

“Mwezi wa nne tutakuwa tunavuna,” alisema Enelesi kutoka nyuma, si kwa sauti kubwa.

Majina yakasomwa, magunia kumi na moja yakashuka. La kwanza lilikwenda kwa dada yake chifu, ambaye alilichukua bila kumtazama mtu. Baada ya hapo Bwana Mbewe akakumbuka zawadi ya nyumba safi, na Falesi akaitwa tena mbele. Alipewa mabeseni mawili mapya ya kijani na mche wa sabuni. Kijana mwenye kamera akamwambia ainue mabeseni juu kidogo, uso uonekane. Akainua. Kijana akamwambia atabasamu. Hilo hakulifanya, na kijana alingoja, akachoka, akapiga hivyo hivyo.

Njiani Enelesi alimsaidia beseni moja. Walitembea mpaka kisimani.

“Dagaa wasio na harufu,” Enelesi alisema mwishowe.

“Nicheke tu.”

“Nicheke nini? Wangu nimewavua ziwa lile lile.” Alilihamishia beseni upande wa pili wa kiuno. “Wiki ya pili sasa. Wewe ukigonga na mimi nagonga. Nasema, akisikia nimenyamaza atajua.”

Falesi alisimama. Alimtazama mwenzake kama ndiyo kwanza wanakutana. “Na kuku wako?”

“Kuku wangu wanakwenda kwa chifu alfajiri, wanarudi jioni kulala. Namfugia yeye. Nawaweka kwa ajili ya faini ya kichanja, maana changu kimeliwa na mchwa. Yule jogoo nimeshamwambia, mwanangu, wa kwanza kwenda kwa bwana afya ni wewe.”

Jioni ile walimchinja jogoo. Faini itajijua yenyewe, alisema Enelesi. Walimpika na majani ya boga katika sufuria moja iliyopakwa udongo nje isishike masizi, na nyumba mbili zikala kutoka humo humo. Mwiko Tiyamike aliurudisha ukutani bila kuambiwa. Alipomaliza mfupa wake aliuliza kama kesho wataosha sahani.

“Sahani hazikutumika,” alisema mama yake.

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo haziwezi kuoshwa.”

Alfajiri Falesi aliamka kwa mazoea. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachuchumaa mahali pake, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa kichanja. Hakuchota maji. Mabeseni ya kijani yalikuwa yamefunikwa pembeni, moja juu ya jingine. Upande wa kisima, kwa Enelesi, kulikuwa kimya. Akangoja mlio wa nyumba inayofuata, ya mama wa mapacha, aliyekuwa akigonga kama mhunzi. Haukuja. Kwa bibi wa njia panda haukuja. Kwa mke wa mlinda kanisa, kwa wajane wawili wa chini, hadi kwenye mti wa simu ambapo jana walikuwa wamekipigilia kile kibao, hakuna kijiko kilichogusa sahani.

Mbali, kwa chifu, kwa dada yake na kwa wengine waliopewa magunia, vyombo vilikuwa vikigongana kama kawaida, na kuku wote wa Kamtsitsi walikuwa wakikimbilia huko.