Jedwali la Elementi Dunguni

Nasma alikuwa amefeli kemia ya kidato cha sita, na mwaka huu alikuwa anarudia mtihani. Mtihani ni wa mwezi Mei, na mwezi Mei ndipo mpunga wa kijijini kwao, Maparoni, unapoanza kukomaa na ndege wanaposhuka. Mama yake, Bi Mwajabu, alimwambia hana ubaya na kemia, ila ndege hawangoji mtu afaulu.

Basi Nasma akapanda dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, na kitabu chake na debe la kugonga. Siku ya kwanza aliwafukuza ndege kwa kelele za kawaida. Siku ya pili akaona anapoteza pumzi bure, akafungua kitabu na kupiga kelele za humo.

"Skandiamu! Titaniamu! Vanadiamu! Kromiamu!"

Ndege waliruka vilevile.

Katika shamba la jirani, Muhidini, mtu mzima aliyekuwa naye akiamia ndege, akiwafukuza kwenye mpunga wake, alisikiliza asubuhi nzima. Adhuhuri akavuka mfereji, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwajabu.

"Mama Nasma, mwanao anaita watu ambao hawapo. Na majina yao yote yanafanana."

Alasiri Bi Mwajabu alifika dunguni na Ustadhi Abdulhalim wa madrasa, aliyebeba chupa ya kombe, maji ya zafarani yaliyooshewa aya.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Hao unaowaita ni akina nani?"

"Si watu, ni elementi. Zimepangwa kwenye jedwali kwa hesabu ya protoni."

"Zinakuitikia?"

"Hapana."

"Alhamdulillahi. Hebu zisome."

Nasma akaanza na haidrojeni. Alipopita zinki alikwama. Akarudi nyuma, akaja kwa kasi, akakwama palepale.

Ustadhi akamgeukia Bi Mwajabu. "Huyu hana jini. Hajahifadhi tu."

Nasma aliona afadhali angeambiwa ana jini. Bi Mwajabu akasema kombe lisimwagwe, kwa hiyo Nasma akalinywa lote.

"Sasa shuka," mama yake alisema. "Nipe hilo debe. Nenda kakae nyumbani usome. Ndege nitawatukana mwenyewe."

Akawatukana mpaka sauti ikakauka. Hata hivyo upande wa mtoni uliliwa, naye hakulitaja jambo hilo mbele ya Nasma, aliyekuwa ameliona.

Nasma akaenda Kibiti kufanya mtihani. Aliulizwa kwa nini atomu hupungua ukubwa kadiri unavyokwenda kulia kwenye jedwali. Akaandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Matokeo yalipotoka, alimwonyesha mama yake simu.

"Kemia nimepata C, mama. Nimefaulu."

"Juu ya C kuna kitu?"

"Kuna B, halafu A."

Bi Mwajabu alifikiri kidogo. "Hizo usizitaje," alisema, akajifunga khanga vizuri, akatoka kwenda kuwatangazia majirani.