Mkuu wa Shule Anarefuka Ukutani

Mmewahi kumwona mtu mzima akirefuka kila siku, tena bila kula kitu? Basi Gurna, ng'ambo ya magharibi ya Luxor, Misri, alikuwapo: Ustadh Wagdi, mkuu wa shule ya msingi. Alirefukia ukutani, kwa karatasi.

Aliyeanzisha ni Abla Inshirah, mwalimu wa sanaa; Abla ndivyo waitwavyo walimu wa kike huko. Aliwafundisha watoto wa darasa la nne kukata picha kama zile za makaburi ya mlimani: uso wa upande, jicho zima, mabega mbele, miguu upande, na mkubwa wa cheo awe mkubwa wa umbo. Karatasi zilitoka kwenye mifuko ya saruji, zikakung'utwa vizuri, zikapigwa pasi. Kila mtoto alijikata mwenyewe na kitu chake mkononi. Badriya alishika bata. Kirollos alishika mkate wa jua wa mama yake, ule unaoumuliwa juani, wenye pembe. Abla alitaka jambo moja tu: mkaguzi akija Alhamisi, awakute watoto hao wakiandamana ukuta mzima.

Ustadh Wagdi akaja kuchungulia. "Mimi niko wapi?"

"Yule pale, mwenye kengele," Badriya akamwonyesha.

"Yule? Mbona analingana na bata!"

"Bata wetu ameshiba, Ustadh."

"Abla, si umewafundisha kwamba mkubwa huchorwa mkubwa?"

"Ndivyo, mkuu."

"Basi nikuzeni. Na hilo jicho moja? Mkaguzi atadhani nina chongo."

"Wazee walichora hivyo, mkuu, hata wafalme wao..."

"Wafalme hawakuwa na mkaguzi!"

"Haya, mkuu," akasema Abla. Neno hilo lilikuwa likimtoka lenyewe, kama kikohozi.

Wakamkuza. Wakamtia macho mawili kwenye uso ule ule wa upande, akawa kama samaki aliyekanyagwa. Kesho yake akataka kulipita dirisha kwa urefu. Kesho kutwa akataka kugusa dari. Karatasi zikaisha, akaamuru za watoto zikatwe. Bata akawa masharubu. Mkate ukawa kitambi, na kwa kweli ulimkaa vizuri. Watoto waliosalia wakabandikwa palipobaki nafasi, chini ya viatu vyake.

"Abla," Badriya akalia, "si ulisema ni ukuta wetu?"

Abla akainama, akajifanya anatafuta gundi.

Alhamisi ikafika, na mkaguzi naye akafika: Bibi Sawsan, mzaliwa wa Gurna hiyo hiyo. Akatazama juu, akatazama chini, akavaa miwani, akatazama tena.

"Ustadh, mateka hawa umewapata vita gani?"

"Mateka? Hao ni wanafunzi wangu, bibi!"

"Huko makaburini, wanaolala chini ya nyayo za mfalme ni maadui zake. Ina maana unapigana na darasa la nne?"

Watoto wakaangua kicheko. Ustadh Wagdi akawiva uso mpaka masikioni. "Si mimi! Ni huyu, ndiye mwenye somo. Abla, mwambie bibi kwamba wewe ndiye uliyetaka hivi. Sema!"

Lile "haya, mkuu" likapanda mpaka kooni. Badriya alikuwa akimkodolea macho, mkasi mkononi. Abla akalimeza.

"Sikutaka hivi, mkuu. Nilitaka ukuta huu uwe wa watoto. Nataka wewe ushuke kutoka ukutani."