Karatasi Juu ya Kaburi la Hamaguchi

Kabla hakujapambazuka, Siok alisikia kata ikigusa mtungi taratibu, kama inayoomba radhi. Alikuwa Tose, mjane wa Kijapani aliyelala jikoni kwa Siok tangu nyumba yake mwenyewe ichukuliwe. Kila alfajiri aliwahi kuchota maji, ili mwenye nyumba akiamka ayakute.

Taiwani ilikuwa inajitawala kwa mwaka wa kwanza. Vita vilipokwisha, Wajapani waliondolewa, Uchina haikupewa kitu, kisiwa kikabaki mikononi mwa wenyewe. Sasa Wajapani walikuwa wakirudishwa kwao kwa meli, na zamu ya Tose ilikuwa siku hiyo. Lililomkosesha usingizi ni kaburi la mumewe, Hamaguchi. Vibarua wa mji walikuwa waking'oa mawe ya makaburi ya Wajapani ili wakajengee daraja.

"Leo tunasafisha makaburi," Siok alimwambia mwanawe, Bun-hiong. "Tukitoka kwa baba yako, tunapita kwa Hamaguchi."

"Mama, kaka alifia kwenye vita vyao."

"Najua, nilimzaa mimi. Na malaria ilipokulaza, si Hamaguchi aliyekuletea dawa kwa kujificha? Beba jembe."

Tose alifuatana nao. Bun-hiong alinuna njia nzima, lakini magugu aliyang'oa vizuri. Siok akatandaza karatasi za manjano juu ya kaburi la Hamaguchi, kila moja akaikandamiza kwa kokoto, kama mtu awafanyiavyo wafu wake. Kaburi lenye karatasi lina wenyewe, na halisogelewi.

Vibarua wakafika na mitaimbo.

"Bibi, umekosea kaburi! Huyu Mjapani."

"Macho ninayo."

"Basi ni nani yako?"

Bun-hiong ndiye aliyejibu.

"Ni wetu. Au karatasi huzioni?"

Kibarua akaziangalia, akacheka. "Haya, ukoo wenu mpana!" Wakahamia kaburi la jirani.

Tose aliinama mpaka paji la uso likagusa nyasi. Hakuna aliyemharakisha.

Stesheni, Bun-hiong alimbebea furushi hadi ndani ya behewa la treni iendayo bandarini, akashuka bila kuaga. Siok akampa Tose wali uliofungwa kwa majani ya mwanzi, ungali moto.

"Dada, sijui ni nani atakayeniruhusu kurudi," Tose alisema.

"Siku hizi mlango tunafungua wenyewe. Njoo utuone tena. Ila usikawie, mimi si kijana."