Mzee, Tunaomba Urudie

Lenzi ya nne ya Protais ilipofika Gisenyi, Belyse alikuwa ameshaiandika upya filamu yao mara saba, na bado hapakuwa na hata sekunde moja iliyopigwa.

Filamu yenyewe haikuwa mzigo. Ilikuwa ya dakika kumi na mbili, ya mama mmoja wa Busasamana, muuza karoti, aliyekosana na mumewe anayeishi Goma. Kwa kuwa wamenuniana, hawapigiani simu. Mama anatuma matusi kupitia kwa wachuuzi wanaovuka mpaka kila asubuhi, na kila mchuuzi anayapunguza makali kidogo, kwa huruma au kwa usahaulifu, mpaka yakifika ng'ambo yamekuwa salamu za mapenzi. Mume anajibu kwa kutuma sabuni. Mama anazidi kukasirika. Belyse, aliyekuwa akifundisha Kifaransa huko Nyundo, aliiandika nyuma ya madaftari ya wanafunzi waliohama, na kila aliyesomewa alicheka mpaka akashika ubavu. Filamu ilihitaji karoti, sabuni na watu wanaojua kununa, na Rubavu vyote hivyo vinapatikana.

Protais alisema inahitaji lenzi.

Tuseme ukweli, huyu Protais alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, na mbele ya kamera yake hata shangazi aliyekuja kugombana alitoka anapendeza. Lakini kila alipoahidi kuanza filamu ya mchumba wake, kilikosekana kifaa. Lenzi ya kwanza haikuona mbali. Ya pili iliona mbali ila ilichukia giza. Ya tatu ilikuwa "baridi", na mpaka leo Belyse hajui kioo kinawezaje kuwa baridi. Ikaja zamu ya maikrofoni, kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unaingia kwenye maneno. Ikaja droni, kwa sababu hadithi nzuri lazima ianzie angani. Hapa mpakani hurushi kitu angani bila kibali, kwa hiyo droni ikalala chini ya kitanda, na Protais akawa anaifuta vumbi kila Jumapili baada ya misa.

Jioni moja walikwenda Rubona kula sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Kabla sahani haijatua, Protais alikuwa ameshamhamisha Belyse viti vitatu.

"Kaa hapa kidogo," alisema. "Jua inakuangukia vibaya."

"Mi nilikuja kula."

"Utakula, chérie. Geuza tu kichwa."

Sambaza zikapoa. Belyse alimwangalia mwanamume yule aliyefumba jicho moja na kumchungulia kupitia vidole vyake, akaingiwa na hofu ya kweli. Je, mtu huyu aliwahi kumwona hata siku moja bila kuweka kitu katikati yao? Na shida ni kwamba alimpenda. Asingempenda, angeshamwachia lenzi zake azioe.

Ndiyo maana siku ya posa ilipopangwa, alimpa sharti moja tu.

"Siku ile we iko bwana arusi," alimwambia. "Kamera usiguse. Valens atapiga."

Valens alikuwa mwenzake Protais wa kazi, mtu mpole, mwenye mikono mizito.

"Valens hajue lumière, hajue mwangaza," Protais alisema.

"Basi tutatoka beusi. Nisikilize, Protais. Ukigusa kamera, mi sitoki mu nyumba. Batu yako batarudi kwabo na bia yabo, na mi nitabakia mwalimu wa Nyundo."

Hakuwa anatania. Protais alimtazama usoni, akaona hivyo, akainua mkono na kuapa kwamba siku hiyo hatagusa kamera, wala lenzi, wala hata mfuniko wa lenzi.

Jumamosi ikafika. Mahema mawili yalisimamishwa kwenye ua wa kina Belyse, yakitazamana. Huku wenyeji, kule wageni, na nusu ya wageni walikuwa wamevuka kutoka Goma asubuhi ile, kwa hiyo walikubaliana Kiswahili kitumike ili asipitwe mtu. Katikati alisimama Valens na kamera. Protais aliketi mstari wa mbele wa wageni, suti mpya, mikono juu ya magoti kama mtoto anayesubiri kudungwa sindano.

Posa huku kwetu ni mchezo ambao kila mtu anajua utakavyoisha. Wageni wanaomba binti, wenyeji wanajifanya hawamjui. Wageni wanaomba tena, wenyeji wanawatafutia makosa, na kila kosa linafutwa kwa kreti ya bia. Bibi arusi mwenyewe haonekani. Anakaa ndani mpaka msemaji wa nyumbani kwao atamke neno moja: tumewapa.

Msemaji alikuwa Kayitare, baba mdogo wa Belyse. Alikulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Alikuwa ameshatoa mabinti kumi na tisa wa ukoo, na hakuna aliyetolewa chini ya saa moja.

Belyse alisikiliza nyuma ya pazia la dirisha pamoja na shangazi yake Cansilde, aliyetoka Goma na begi lililojaa poda.

"Belyse?" Kayitare alikuwa akiwaambia wageni. "Mbona huyo alishaingia utawani. Tuliyebaki naye anakoroma."

"Mi sikoromi," Belyse alisema.

"Unakoroma," Cansilde alimjibu. "Nyamaza, nikupake."

Mshenga wa upande wa Protais, mzee mmoja anayeitwa Niyonshuti, alikuwa naye hodari. Alisema kwao kuna ng'ombe wanaokoroma kwa sauti kuliko binti yeyote, kwa hiyo hatasikika. Watu walicheka. Kreti ya tano ikaletwa. Mwishowe Kayitare akasimama, akaweka mkono kifuani, akawatazama wageni mmoja mmoja, na kwa sauti iliyotetemeka, maana safari hii alikuwa anamtoa mtoto aliyemlea mwenyewe, akasema:

"Tumewapa."

Vigelegele vikalipuka. Belyse akashusha pumzi, machozi yakamlenga. Cansilde akamshika mkono. Ndipo, juu ya vigelegele, ikasikika sauti aliyoijua kuliko zote.

"Mzee, pardon. Tunaomba urudie."

Vigelegele vikakatika katikati.

Protais alikuwa amesimama. Mikono yake, tumpe haki yake, ilikuwa mgongoni. "Wingu ilipita," alieleza kwa adabu. "Na Valens alikuwa na lenzi ya mbali, sura yako haionekane. Anzia tu pale 'tumewapa'. Na ugeuke kidogo kushoto, mzee."

"Hagusi kamera," Cansilde alinong'ona nyuma ya pazia, nusu kwa mshangao.

"Naona kama hagusi," Belyse alisema. Alikuwa amesahau kabisa kumkataza asitumie mdomo.

Kayitare alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Mabinti kumi na tisa, na hakuna mkwe aliyewahi kumtaka amtoe mtu mara mbili.

"Nirudie," alisema.

"Kama unaweza, mzee."

"Naweza. Ila mimi nikirudia, narudia tangu mwanzo." Akaketi, akakunja nne, akawageukia wageni kwa uso wa mtu ambaye hajawahi kuwaona. "Haya. Ninyi ni akina nani, na mmepotea njia ya kwenda wapi?"

Maskini Niyonshuti. Maneno yake yote matamu alikuwa ameshayamaliza. Alirudia lile la ng'ombe wanaokoroma, na safari hii alicheka yeye peke yake. Kayitare akauliza ng'ombe hao ni wangapi, wa rangi gani, na kama kukoroma kwao ni ugonjwa. Akawatoza kwa kuchelewa. Akawatoza kwa kuwahi. Akaona soksi za Niyonshuti hazifanani, akawatoza kwa hizo. Kreti zikaisha, mtu akatumwa dukani, akarudi na soda, nao wakatozwa kwa kuleta soda. Wageni walicheka mwanzoni. Kisha wakaanza kutazama saa, maana mpaka una saa yake ya kufungwa, haukumsubiri mtu.

"Na sasa," Kayitare akasema, akasimama, akageuka kidogo kushoto kama alivyoombwa, "binti yetu hatumtoi."

Hakuna aliyejua kama bado ni mchezo. Hata Kayitare mwenyewe, ukitazama vizuri, alionekana hana hakika. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia akishakwenda mbali hivyo hajui pa kurudia.

Na Protais alifanya nini? Belyse alimwona kwa macho yake kupitia upenyo wa pazia. Alimgeukia Valens, akainua nyusi, kama kumuuliza kama hiyo aliipata.

Hasira ilimpanda Belyse mpaka masikioni. Alitaka kuvua viatu, apande kitandani, alale mpaka wote waende kwao.

"Nifunge mulango?" Cansilde aliuliza.

Belyse aliendelea kutazama nje, na kidogo kidogo mwalimu akaondoka ndani yake, akabaki mwandishi. Mchezo ulikuwa umekwama. Watu mia moja na hamsini walikuwa wanatazamana, na mtu pekee aliyepaswa kuwa katikati yao alikuwa anahangaika na kamera isiyo mikononi mwake.

Akafungua mlango, akatoka. Hakuitwa, hakusindikizwa na mabinti, na upande mmoja wa uso wake haukuwa umepakwa poda. Bibi mmoja wa upande wa wageni aliziba mdomo.

"Tonton," alimwambia Kayitare, "nisamehe. Niachie niulize mi mwenyewe."

Katika posa binti huulizwa, hajawahi kuuliza. Lakini Kayitare alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mlango ndio huo. "Uliza, mwanangu," alisema, akaketi haraka.

"Valens, geuza kamera. Iangalie Protais. Protais, kuja simama hapa."

Protais akaja. Hapo ndipo watu walipojua kwamba mtu huyu, aliyewahi kupiga maarusi mia tatu, hajawahi kusimama upande wa pili. Mikono ilimpotea. Aliiweka mbele, akaiweka nyuma, akakunja mmoja kama mtu anayetaka kubeba kikapu. Jasho likamtoka puani. Mtu wa Goma akacheka, akapigwa kiwiko na mkewe.

"Filamu yetu inakosa nini?" Belyse akamuuliza. "Sema mbele ya batu."

"Bon," Protais alianza. "Inakosa kwanza lenzi moja ya..."

"Protais."

Alimtazama, kisha akatazama chini, kisha akamtazama tena. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo mpaka watu wa nyuma wakainuka vitini.

"Haikosi kitu," alisema. "Iko muzuri kunipita. Nilisoma ile ya kwanza, nikacheka, nikalia, nikasema hii nitaiharibu. Donc, kama inakosa lenzi, makosa iko ya lenzi. Siku itapata vitu yote na itoke mubaya, makosa ni ya nani? Ni yangu. Na we utajua kama mi iko mutu wa kupiga harusi tu."

Belyse alikuwa ameandaa maneno makali ya kumjibu, yamepangwa vizuri, kwa Kifaransa. Yote yalimtoroka. Miaka mitatu alidhani anashindana na vioo, kumbe mtu wake alikuwa anajificha nyuma yavyo.

"Na mi?" aliuliza. "Unaniona?"

Protais alifungua mdomo ajibu. Na Valens, ambaye hana ubaya na mtu, alisema kwa sauti ya huzuni, "Pro. Betri imekufa."

Watu wote wakamwangalia Protais. Aliisikia. Belyse aliona kwamba aliisikia, maana sikio lake la kulia lilicheza. Na betri ya akiba ilikuwa mfukoni mwake, ndani ya suti ya posa, kwa kuwa alikuwa ameapa kuhusu kamera, lenzi na mfuniko, ila betri hakuitaja. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Uliingia mfukoni, ukakaa humo, na shingo ikamkakamaa kama ya mtu anayebeba gunia la viazi. Cansilde, mlangoni, alishika poda kwa mikono miwili.

Mkono ukatoka mtupu, ukamshika Belyse.

"Nakuona," Protais alisema. "Na upande moja hawajakupaka poda."

Belyse akageuka. "Tonton," alisema, "bape. Bape mbio, kabla sijabadilisha roho."

Kayitare akasimama. Hakuwa amejiandaa, alikuwa na kipande cha nyama shavuni, na wingu jingine lilikuwa limekaa juu ya ua mzima. Alisema "Tumewapa" huku anakohoa. Belyse akalia waziwazi, poda ya upande mmoja ikateremka mpaka kidevuni, na Protais akamtazama hivyo hivyo, kwa macho aliyozaliwa nayo.