Siku Nilipokuja Nao

"Mapigo mia moja na tisini kwa dakika," alisema Daktari Bosibori, vidole vyake vikiwa bado kwenye mkono wangu. "Mwalimu, leo umekuja nao."

Nilitaka kumjibu kwamba moyo huo nilikuja nao kila mara, ila pumzi haikunitosha.

Ugonjwa huo ulinianza mwaka wa 1994 kule Awendo, nikiwa mbele ya darasa la sita, chaki mkononi. Moyo uliruka mara moja, kisha ukatimua mbio kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Nilikwenda kliniki, nikapanga foleni, na kabla sijaitwa ukatulia tuli. Nikapewa dawa ya malaria. Mara ya pili, malaria. Mara ya tano nilivikataa vidonge, muuguzi akaniita mjeuri. Mama mkwe akasema ni juogi, mapepo ya ukoo. Bonface, mume wangu, alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikera kuliko yote.

"Ni mawazo tu, Dorine. Pumzika."

Nipumzike vipi na kifua kinatwanga?

Miaka miwili baadaye tulikwenda Homa Bay kwenye matanga ya shangazi yake Bonface. Moyo ulipoanza mbio, sikumwambia mtu. Nilitembea hadi hospitalini, nikaipita foleni nzima watu wakininung'unikia, nikamwekea Daktari Bosibori mkono wangu mezani, nikimweleza kwa shida kwamba mimi ni mwalimu na kwamba moyo hutulia kila nifikapo kliniki.

Walinibandika nyaya, mashine ikachora milima iliyobanana. Kisha daktari akaniambia nizibe pua, nifunge mdomo, nisukume pumzi kama mama anayejifungua. Mara ya tatu moyo ulisita, nikadhani nimekufa. Halafu ukarudi, polepole.

"Moyo unaendeshwa na umeme wake," alieleza. "Wako una kichochoro cha ziada. Umeme ukiingia humo, unazunguka tu. Hayo si mawazo. Utameza dawa ya kuutuliza kila siku. Ukianza tena, sukuma hivyo hivyo. Ukikataa kutulia, njoo haraka."

Bonface alinikuta kwenye benchi nje, kijasho kikimtoka kwa kunitafuta. Nilikuwa nimemwekea maneno makali ya miaka miwili. Nilimpa karatasi ya mashine tu. Aliitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Kisha akaketi, akanishika mkono, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini.

Vidole vyake vilikuwa mahali pasipo na mpigo wowote. Nilimwacha ahesabu.